Jino Lililofungwa Kwenye Pindo la Kanga

Siku ya kwanza kuripoti kazini nilivaa koti jeupe lililopigwa pasi likakakamaa, nikachomeka kalamu mbili mfukoni, nyekundu na ya bluu, nikaingia geti la hospitali ya wilaya kule Iramba nikiamini kila mtu ananitazama. Na kweli walinitazama. Nilikuwa nimefunga vifungo upandeupande, bega moja juu, jingine chini, na hakuna aliyeniambia mpaka mchana.

Bosi wangu wa kwanza, Daktari wa Meno wa Wilaya, alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Alisoma barua yangu ya ajira mara mbili, akaniuliza kama najua kung'oa jino. Nikamjibu kwa majivuno kwamba chuoni nilikuwa miongoni mwa waliofanya vizuri.

"Safi," akasema. "Basi wiki hii hutashika koleo. Nenda kakae pale nje kwenye benchi na watoto."

"Nifanye nini pale, mzee?"

"Ukae."

Nilikaa, na moyoni nilinuna. Nilikuwa tabibu wa meno mwenye cheti, nimewekwa benchi moja na watoto wenye kamasi. Lakini kufika siku ya tatu nilianza kuona alichotaka nione. Mtoto mdogo aliyeanguka na kupasuka mdomo haangalii damu yake. Anaangalia uso wa mama. Mama akishtuka, mtoto analia upya kana kwamba ndiyo kwanza ameanguka. Mama akitulia, kilio kinapungua hata kabla hujagusa kitu.

Wiki ya pili alinifundisha kukaa magoti kwa magoti. Ninyi vijana mna viti vya umeme vinavyopanda na kushuka, lakini mtoto wa miaka miwili humlazi kwenye kiti kile, atadhani anamezwa. Unachukua vigoda viwili, unakaa uso kwa uso na mama mpaka magoti yenu yanagusana, mtoto analala chali katikati yenu, miguu yake kiunoni kwa mama, kichwa chake mapajani kwako. Anamwona mama muda wote, nawe unaona mdomo wote. Mara ya kwanza niliona aibu hata jasho likanitoka, kijana mzima nimegusana magoti na mke wa mtu, na mume mwenyewe amesimama mlangoni na fimbo ya kuchungia. Daktari akamwambia yule baba, "Na wewe sogea, shika tochi." Toka siku hiyo kila baba aliyefika kwangu nilimkabidhi tochi.

Taratibu nyingine alizonifundisha ni hizi. Kichwa kwanza, mdomo baadaye: uliza kama mtoto alizimia, kama ametapika, kama anasinzia isivyo kawaida. Halafu hesabu meno. Lisiloonekana lina mahali lilipo, huenda ni nyumbani, huenda limejichoma ndani ya mdomo wa chini, huenda limezama lote ndani ya ufizi hata mtu akadhani limetoka. Watoto wadogo ndivyo wanavyoumia, kwa sababu mfupa wao bado laini. Na kanuni aliyoirudia kila Jumatatu ilikuwa hii: "Jino lililotoka halijaonekana mpaka wewe umeliona kwa macho yako."

Kanuni ile niliiandika kwa kalamu nyekundu. Mbele mtaona ilinisaidia nini.

Baada ya miaka miwili nilipelekwa kituo cha afya Ulemo. Pale hapakuwa na kiti cha meno. Tulitumia kiti cha mwalimu kilichoegemezwa ukutani, na vyombo tulivichemsha jikoni kwa jiko la mkaa. Bosi wangu alikuwa Mganga Mfawidhi wa kituo, mama mmoja mnene mcheshi aliyeongea na wagonjwa Kinyiramba na kunigombeza mimi kwa Kiswahili.

Ulemo ndiko nilikoanza kuona watoto wachanga waliochimbwa ufizi. Mtoto akiharisha na kupata homa, watu walisema ana meno ya plastiki, wengine wakisema ya nailoni. Wanaona uvimbe mweupe kwenye ufizi, pale chonge inapojiandaa, wanampeleka kwa mtu mwenye msumari au spoku ya baiskeli auchimbue. Kinachotolewa ni chipukizi la jino ambalo bado halijakomaa. Mtoto anarudi na kidonda, na kuhara kuko palepale.

Mama wa kwanza niliyempokea wa namna hiyo nilimfokea. Sitasahau alivyoinama. Mganga Mfawidhi aliniita pembeni.

"Unajua kwa nini alimpeleka kule?"

"Ujinga, mama."

"Aliogopa mtoto atakufa. Na kesho akiogopa tena, atakuja kwako au atarudi kwa mwenye spoku? Kamwombe radhi."

Nikamwomba radhi, na kuanzia hapo nikajifunza kuwafurahisha akina mama. Nikawa hodari wa maneno ya kufariji. Mgonjwa alitoka kwangu akicheka hata kama mdomo una nyuzi tano. Nilijisifu kwa hilo, na leo nasema wazi kwamba lile jambo jema lilikuja kunivimbisha kichwa.

Uhamisho uliofuata ulinileta Singida, chini ya Mratibu wa Meno wa Mkoa, mwanamke mkavu asiye na utani, aliyevaa miwani yenye kamba shingoni. Kazi yangu kubwa ilikuwa kliniki ya mkoba, yaani tunapakia koleo, ganzi na sufuria za kuchemshia kwenye gari, tunakwenda zahanati za mbali, siku moja hapa, siku moja pale. Mtinko tulipapenda. Siku ya mnada watu walikuja wengi, na benchi la zahanati lilijaa mpaka uani.

Ilikuwa kiangazi, alizeti imeshavunwa. Yapata saa nne asubuhi alifika mama mmoja amemshika mkono binti yake. Mtoto aliitwa Neema. Alikuwa ameweka kiganja chini ya kidevu ili damu isichafue gauni, na hakuwa analia.

"Ameangukaje, mama?"

"Alikuwa juu ya mkokoteni, tumetoka kuchota maji. Punda akashtuka, mwenyewe akatangulia na mdomo kwenye jiwe. Saa tatu hivi."

"Alizimia?"

"Hapana, daktari. Alilia palepale, kijiji kizima kikamsikia."

"Ana miaka mingapi?"

"Sita. Sita na kidogo."

Nikamtazama. Mdomo wa juu umepasuka kidogo, jino moja la mbele katikati halipo, damu imeganda vizuri. Nikamuuliza mama kama jino lipo.

"Lipo hapa," akasema, akashika fundo kwenye pindo la kanga yake. Lilikuwa limekazwa na damu imelikausha, akaanza kulifungua kwa meno.

Watu wengi walikuwa nyuma yake. Na miaka sita, kwa hesabu yangu ya haraka, ni miaka ya meno ya utotoni kutoka. Nikasema, "Acha tu, mama, usijisumbue. Hilo ni la utotoni. Neema akalirushe juu ya paa, litaota jingine."

Mama akashusha pumzi, uso ukafunguka. Kwetu kila mtu anajua habari ya kurusha jino juu ya paa na kuomba jipya, kwa hiyo benchi zima likacheka kusikia daktari naye analijua hilo. Neema peke yake hakucheka. Aliniangalia machoni, akauliza, "Lini?"

"Mvua zikianza tu," nikamwambia. "Utaamka asubuhi, utalikuta."

Benchi likacheka tena. Nikampaka dawa mdomoni, nikaandika kwenye rejista, nikaita mwingine. Nilijiona mtu wa watu.

Saa tisa, kabla ya kufunga, Mratibu alipitia rejista kama kawaida yake, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Kikasimama.

"Huyu wa miaka sita, jino la juu katikati. Mzizi wake ulikuwaje?"

"Lilikuwa kwenye kanga, mama."

"Nimeuliza mzizi."

"Sikulifungua."

Akavua miwani. "Na jirani yake mdomoni, la katikati la upande wa pili, lilikuwaje?"

Ndipo nilipoliona jino lile akilini, wakati asubuhi lilikuwa mbele ya macho yangu. Lilikuwa pana, lenye umanjano kidogo kuliko meno ya utotoni, ukingo wake una vijimeno kama msumeno. Hilo ni jino la ukubwani lililoota juzijuzi, ambalo bado halijasagika kwa kutafuna. Na meno hayo mawili ya katikati huota karibu pamoja.

Lazima nieleze hapa kwa wasiojua. Jino la utotoni likitoka kwa ajali halirudishwi, kwa kuwa chini yake kuna chipukizi la jino la ukubwani na ukilisukuma utaliumiza. Jino la ukubwani ni kinyume chake. Likirudishwa tunduni mapema, kabla ya saa moja kwisha, linaweza kushika na kuishi. Likikauka, zile nyuzi zinazolishika kwenye mfupa zinakufa. Na la ukubwani likipotea, hakuna jingine nyuma yake. Halioti kamwe.

"Nyumba yao unaijua?" Mratibu akauliza. Dereva aliijua.

Ilikuwa nyumba ya tembe, ile yetu ya zamani yenye paa bapa la udongo, na juu ya paa walikuwa wameanika alizeti. Tukapanda mimi, Mratibu na mama Neema. Neema alibaki chini, akatuonyesha kwa kidole alikorushia. Tulipiga magoti tukachambua mbegu kwa viganja, mbegu za alizeti nyeusi zenye mistari myeupe, kila mstari mweupe ukinidanganya kuwa ndio jino. Upepo wa Singida mnaujua, ulikuwa unatutupia makapi machoni. Mama Neema ndiye aliyeliona.

Mratibu alilishika kwa kichwa chake, ile sehemu inayoonekana mdomoni, bila kugusa mzizi, akaligeuza kwenye mwanga. Mzizi ulikuwepo, mrefu, tofauti na jino la utotoni lililo tayari kutoka, ambalo mzizi wake huwa umeshaliwa; ncha yake bado wazi kama ilivyo kwa jino changa la ukubwani. Ulikuwa umekauka, umeshika vumbi.

"Toka saa tatu," akasema. "Sasa ni saa kumi. Kwa hali hii halitashika." Kisha akamuuliza mama, "Leo asubuhi nyumbani palikuwa na maziwa?" Maana jino likiwekwa kwenye maziwa linapata nafasi ya kungoja.

"Daktari, sisi si tunafuga? Kibuyu kilikuwa kimejaa."

Mratibu akaniangalia. "Mwambie," akasema, akashuka ngazi.

Nikamwambia, nimechuchumaa juu ya paa la nyumba yake. Nilimwambia kwamba lile halikuwa jino la utotoni, kwamba halitaota jingine, na kwamba kosa ni langu. Akasema, si kwa hasira, "Nilikuwa nimeshaanza kulifungua." Kisha akasema tushuke tunywe uji, kwa kuwa tumeshinda kazini hatujala. Laiti angenitukana.

Tulipokuwa tunaelekea garini Neema alinifuata. "Limeonekana?"

"Limeonekana," nikasema.

Akatabasamu, pengo wazi. Nikapanda gari.

Tangu siku ile sikuacha fundo hata moja bila kulifungua. Mtu akija na kitu kwenye pindo, kwenye karatasi, kwenye kibiriti, nilikifungua mbele yake hata kama foleni imefika barabarani. Kila kliniki nilianza na somo fupi: mtoto akiwa ameshaanza kubadilisha meno, usikisie kwa umri. Shika jino kwa kichwa, usilisugue, liweke kwenye maziwa, njoo nalo mbio. Paa litasubiri. Nilizunguka mashuleni kuwaambia walimu, kwa sababu watoto wengi huumia wakiwa mchezoni. Baadhi walinichoka. Kule Mtinko waliniita Bwana Maziwa, na sikukataa.

Neema nilimwona mara kwa mara kliniki ilipopita kwao. Alikuwa msichana anayecheka akiwa ameziba mdomo kwa kiganja, na akisoma kwa sauti anavuta mdomo wa juu chini. Alipofikia umri wa kutosha Mratibu alimtengenezea jino la bandia la kuvaa, na alipokua tukambadilishia. Mimi nilipima, nilisawazisha, niliuliza kama linabana. Mengine sikusema. Halafu alikwenda ualimu, na mimi nikahamishiwa Ikungi, kituo changu cha mwisho.

Sasa nimestaafu, nipo nyumbani Mungaa. Nina ng'ombe wachache, na kuku wanaonidharau. Asubuhi mikono bado inaamka na saa ya kazi, inatafuta glavu. Vijana wa fani yangu wakinitembelea huniuliza ni kitu gani kigumu kuliko vyote, wakidhani nitasema gego lenye mizizi iliyopinda. Mizizi iliyopinda ina dawa yake, ni subira. Kigumu ni kwamba mgonjwa wako mdogo kuliko wote ndiye mwenye kinywa, na ndiye unayemsahau ukiwa unaongea na wakubwa juu ya kichwa chake. Hilo sikulisoma chuoni. Nilifundishwa nikiwa nimebakiza wiki mbili kustaafu.

Asubuhi ile, nikiwa bado kituoni Ikungi, pikipiki iliingia uani kwa kasi. Akashuka mwalimu, amembeba mtoto mbele, mkononi kikombe cha bati kilichofunikwa kanga na kufungwa ukingoni.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba." Nikamtazama vizuri. Alikuwa Neema.

"Huyu ni Yusufu, yupo darasani kwangu, darasa la kwanza. Amegongana na mwenzake uwanjani. Hajazimia, hajatapika. Haijafika nusu saa." Akaninyooshea kikombe. "Fungua."

Nikafungua. Ndani palikuwa na maziwa, na chini ya maziwa jino, pana, ukingo wenye vijimeno, mzizi mzima.

Yusufu alikitazama kile kiti kikubwa, akakikataa katakata. Tukachukua vigoda. Neema akakaa mahali pa mama, magoti yetu yakagusana, mtoto akalala katikati. Nikachoma ganzi, nikasuuza tundu, nikalishika jino kwa kichwa chake, nikalisukuma taratibu mpaka likakaa. Kisha nikaliunganisha na wenzake kwa waya mwembamba na dawa nyeupe inayoganda. Inabidi ulishikilie kwa kidole mpaka igande, na kwa muda ule huna la kufanya ila kungoja.

Neema ndiye aliyeongea, kwa sauti ya chini, huku akimpapasa mtoto mguu.

"Mama aliniambia nikiwa darasa la nne. Kabla ya hapo, kila mvua zilipoanza, nilikuwa naamka mapema kabla ya wote. Naweka kidole, napapasa. Nikadhani labda nilirusha vibaya. Mwaka mmoja nilipanda tena juu, nikarusha kijiwe cheupe."

Nikasema, "Neema, mwanangu, mimi ndiye..."

"Mwambie huyu kwanza," akanikatiza. "Njia nzima ameuliza kama litashika."

Dawa ilikuwa imeganda. Nikamwinua Yusufu, nikamkalisha kwenye goti la mwalimu wake, nikashuka kwenye kigoda nikachuchumaa mpaka macho yetu yakalingana. Nikamwambia kwamba nimelirudisha, kwamba huenda litashika na huenda lisishike, na kwamba mimi sijui. Nikamwambia asilitumie kung'atia mahindi wala miwa, arudi baada ya wiki mbili kutolewa waya. Nikamwambia likianza kuwa jeusi aseme, asifiche, na kwamba likitoka tena hakuna jingine litakaloota pale, tutamtengenezea la kuvaa. Alisikiliza yote. Akauliza kama anaweza kunywa yale maziwa ya kwenye kikombe. Nikamwambia hapana, hayo ya jino, ila tutamtafutia mengine.

Akaridhika, akateremka kwenda kukitazama kile kiti kikubwa kwa karibu.

Nikabaki nimechuchumaa palepale, magoti yakiniuma, mbele ya mwanamke mwenye watoto wake nyumbani. Kiganja chake kilikuwa mdomoni.

"Neema," nikamwambia, "halitaota. Nilikosea mimi."

Akatikisa kichwa kukubali, polepole, kama mtoto aliyejibiwa alichouliza.